Ratiba ya Shangazi na Katriji Isiyovuja

Watu wanaovujisha wino siwapendi, na sijawahi kulificha jambo hilo. Ukitaka kujua mtu ana akili kiasi gani usimuulize amesoma wapi. Mpe katriji tupu, chupa ya wino na sindano, mwache mezani nusu saa, halafu rudi uangalie kitambaa cha meza. Wengi niliowaona wakijaza wino nyumbani hapa Kitale humaliza wakiwa na mikono ya buluu hadi kwenye viwiko, kisha wanalaumu printa. Printa ni mbovu, wino ni feki, katriji imezeeka. Hakuna hata mmoja anayesema kwamba alikuwa na haraka.

Mimi ni karani wa ghala la mahindi, na nyumbani kwangu, mtaa wa Matisi, nina printa moja nyeusi ambayo mke wangu ameifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe. Namwambia mgeni yeyote akichunguze kitambaa hicho. Miaka yote niliyojaza wino, juu yake hakuna doa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unabandua kile kikaratasi cha juu ya katriji polepole, ili baadaye uweze kukirudisha. Chini yake utakuta vitundu vidogo na vijifereji vyembamba kama mikwaruzo ya ukucha. Unaingiza sindano kwenye kitundu mpaka uguse sponji iliyo ndani, unasukuma wino taratibu, tone kwa tone. Wino ukianza kung'aa mdomoni mwa kitundu, ujue umezidisha. Vuta nyuma kidogo. Kisha unaisimamisha katriji juu ya tishu iliyokunjwa mara nne, pua ikiangalia chini, na unakaa. Kwenye huko kukaa ndiko wajinga wote wanakoshindwa. Katriji itatoa doa kubwa, halafu doa dogo, halafu alama hafifu, halafu hakuna kitu. Ndipo unaifuta pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mara moja tu, na kuirudisha kwenye printa.

Nilikuwa nafanya hivyo mara nyingi kwa mwaka, lakini mara iliyokuwa na maana kwangu ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani, nilipochapa ratiba ya kufuturu.

Ratiba za bure zipo, tena nyingi. Maduka ya vifaa vya ujenzi huzitoa zikiwa za rangi, zimejaa picha za mabati na misumari, na juu kabisa msikiti wa nchi ambayo mwenye duka hajui hata iko upande gani. Ubaya wake si hizo picha. Ubaya ni saa. Wanachukua ratiba ya Mombasa, wanabadilisha jina la mji, wanaipeleka kwa mpiga chapa, basi. Jua la Mombasa hutua mapema kuliko letu kwa karibu dakika ishirini. Kwa hiyo mtu wa Bungoma akiifuata karatasi hiyo atakuwa ameshamaliza tende tatu na sambusa mbili huku jua linamtazama usoni. Niliwahi kumwendea mwenye duka mmoja nikamweleza. Alinijibu, "Lakini hii imetoka pwani, na si watu wa pwani ndio wanajua dini?" Nikaondoka bila kuaga. Mtu anayeamini kwamba jua hutua kwa kufuata elimu ya dini utamwambia nini?

Mimi nilikuwa natafuta saa za huku kwetu. Upande wa kufuturu nilitumia za Bungoma, kwa sababu Kitale jua hutangulia kwa dakika moja mbili, na anayechelewa kidogo hajaharibu kitu. Upande wa daku nilitumia za Kitale kwa sababu hiyo hiyo. Karatasi moja ikatosha miji miwili. Nilichapa arobaini, nyingi nikazipeleka msikitini, chache nikawapa jirani, kadhaa zikabaki nyumbani. Lakini kusema kweli, sikuwa nawachapia wao.

Nilikuwa namchapia shangazi. Ni dada ya baba yangu, anaishi Bungoma mjini, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa sijaanza shule. Nyumba yake iko karibu na msikiti kiasi kwamba adhana ingeweza kumwamsha usingizini, ila masikio yake yameshakwisha. Adhana hasikii. Simu hasikii. Ukitaka kuzungumza naye unamkaribia sikio la kulia na kupaza sauti kama unaita mtu shambani. Na ana sukari. Miaka miwili mfululizo daktari alimkataza kufunga, na miaka hiyo miwili alikuwa mtu mwingine kabisa, akila mchana kwa kujificha nyuma ya pazia kana kwamba ameiba chakula chenyewe. Mwaka ninaousimulia alipimwa, akaonekana ametulia, akaruhusiwa. Nilipoenda kumwona alikuwa anacheka peke yake.

"Safari hii sitaki hata siku moja iharibike," aliniambia. "Mwaka kesho nani anajua kama nitakuwa. Uniletee ile karatasi yako. Ya mabati sitaki."

"Nitakuletea, shangazi!"

"Ata kama ni wewe peke yako umebaki na akili, mimi nafuata yako."

Nilifurahi kusikia hivyo. Nilifurahi kupita kiasi.

Sasa nieleze habari za jirani yangu wa Matisi, maana bila yeye hadithi haiendi. Ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi, mtu wa kanisa, kwao ni Tongaren, ambako huenda kila Jumamosi kuangalia mahindi yake. Naye ana printa, huchapa majaribio ya wanafunzi wake, na hujaza wino mwenyewe. Anavyojaza! Anasukuma sindano mpaka mwisho kama anayejaza jerikeni kisimani, wino unafurika, anaufuta kwa shati, anasema "iko sawa" na kuipachika katriji ikiwa bado inatiririka. Siku moja aliweka katriji iliyojaa ndani ya mfuko wa shati akaenda nayo shuleni. Kufika darasani, kifua kizima kilikuwa cheusi. Mwenyewe alicheka, akawaeleza watu.

Mimi nilieleza zaidi yake. Nilieleza dukani, nilieleza kazini, nilieleza msikitini kwa watu ambao hata hawamjui. Nilisema mwalimu asiyejua wino unakwisha wapi na shati linaanzia wapi anafundisha watoto wetu kugawanya. Watu wakacheka, nami nikanogewa. Kila nilipokutana na mtu aliniuliza, "Na wewe, yako haijawahi kuvuja?" Nikajibu haijawahi na haitavuja.

Kwa maneno hayo nilijifunga mwenyewe. Siku ya kuchapa ratiba ilipofika nilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo. Tone moja tu likidondoka kwenye karatasi moja tu, ikafika msikitini, kicheko kingegeuka upande. Nilijaza kama kawaida. Nikasimamisha katriji juu ya tishu, nikangoja mpaka hakuna alama. Kwa kawaida ningerudisha kile kikaratasi cha juu na kuishia hapo. Lakini gundi yake ilikuwa imechoka, kona moja inainuka, nikaona hapo ndipo adui atakapopita. Nikachukua selotepu. Nikaziba vitundu, nikaziba na vijifereji vyote, nikapitisha selotepu ya pili juu ya ile ya kwanza na kuikandamiza kwa ukucha.

Mwalimu alikuwa amekuja kuazima stepla. Alisimama mlangoni akitazama.

"Jirani, si hizo zingine unaacha wazi bana? Kunaingia hewa kidogo. Ukifunga yote itakosa pumzi."

Nililitazama shati lake. Lilikuwa na doa pale mfukoni, lile lile, limefuliwa likawa la zambarau.

"Mwalimu," nikamwambia, "stepla ni hiyo hapo."

Akachukua stepla, akashukuru, akaenda. Wala hakukasirika, na hilo nalo nililiweka kwenye hesabu ya upumbavu wake.

Ratiba niliilaza, upana ukawa mrefu, ili siku thelathini zikae na nafasi ya kutosha. Karatasi za kwanza zilitoka nyeusi ti, nzuri kupita za mwaka uliotangulia. Nilizichukua moja moja, nikazigeuza mbele na nyuma chini ya taa, natafuta doa. Hakuna. Ya kumi, hakuna. Ya ishirini, hakuna. Nilianza kupiga mluzi. Ya shangazi nilikuwa nimeiacha iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu nilitaka kuichapa kwenye karatasi nzito niliyoinunua kwa ajili yake, na kabla yake ile ya kubandika ukutani kwangu. Nayo ya shangazi niliigeuza mbele na nyuma. Safi.

Nilitafuta kilichozidi. Kilichopungua sikukitafuta, kwa sababu katika maisha yangu yote nilikuwa nadharau watu kwa kuzidisha.

Nilimpelekea Bungoma siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Ukutani kwake kulikuwa na ile ya duka la mabati, sijui nani alimletea. Niliibandua mbele yake, nikaikunja, nikaipasua mara nne. Akapiga makofi. Nikabandika yangu karibu na saa ya ukutani, kwenye kimo cha macho yake, akaishika pembeni kwa vidole viwili kuonja uzito wa karatasi.

Ramadhani ikaenda. Mimi Kitale nilikuwa nafuturu kwa adhana, kama kila mtu mwenye masikio, na ratiba ya ukutani kwangu niliipita kila siku bila kuisoma. Nani anasoma kitu alichokiandika mwenyewe? Siku ya ishirini na sita mke wangu alimwalika mwalimu na mama watoto wake kuja kufuturu nasi. Tulikula, tukasali, tukarudi kwenye chai. Mwalimu alikuwa amekaa akielekea ukutani, na mtu wa hisabati hawezi kukaa mbele ya safu ya namba akaiacha ipite.

"Jirani, hii jua yenu inakuwanga namna gani?"

"Namna gani vipi?"

"Inashuka pole pole. Hamsini na tano, hamsini na nne, mpaka hamsini. Hapo sawa. Halafu siku ya ishirini na moja inaruka, inakuwa arobaini na tatu. Dakika saba kwa siku moja. Na inabaki arobaini na tatu mpaka mwezi inaisha. Hiyo jua ilisukumwa na nani?"

Nilicheka kwanza. Nikamwambia avae miwani. Halafu nikasimama kumwonyesha, nikakaribia ukuta na kikombe mkononi. Mstari mweupe, mwembamba kuliko uzi, ulikuwa umeshuka kutoka juu ya karatasi hadi chini, ukipita katikati ya safu ya kufuturu kama wembe. Umekata upande wa kushoto wa kila namba ya mwisho. Tisa ilikuwa imepoteza tumbo lake, imebaki tatu. Nane nayo imebaki tatu. 6:49 ikasomeka 6:43, na 6:48 ikasomeka 6:43 vilevile.

"Wino ilikosa pumzi," mwalimu akasema, kwa upole. "Karatasi za mwanzo huwa hazionyeshi. Za mwisho ndio zinaumia."

Za msikitini zilikuwa za mwanzo. Za mwisho zilikuwa mbili, yangu na ya shangazi.

Sikulala vizuri. Shangazi asingeweza kupigiwa simu, na siku hiyo ya ishirini na sita alikuwa ameshakula. Siku sita. Tena katika kumi la mwisho, ambalo mtu analisubiri mwaka mzima, na yeye alikuwa amelisubiri mitatu. Alfajiri nilipitia kwa imamu wetu, nikamuuliza swali hilo kama la mtu mwingine. Akaniambia huyo mtu hana dhambi, amekosea bila kujua, ila azilipe siku zake. Huyo mtu hana dhambi. Sikumuuliza kuhusu yule aliyemchapia.

Nilimkuta Bungoma anachagua mchele uani, mzima, mchangamfu, midomo imekauka kwa funga. Nilipiga magoti kwenye sikio la kulia na kupaza sauti. Kumwambia mtu aibu yako kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili ni adhabu ambayo sikuwahi kuifikiria. Ilibidi niseme mara tatu. "Karatasi yangu ni mbaya! Umekula mapema! Siku sita!"

Aliweka chini ungo wa mchele, akaingia ndani, nikamfuata. Akasimama mbele ya ratiba, pua inakaribia kugusa ukuta, akapitisha kidole kwenye ule mstari kutoka juu hadi chini.

"Nilikuwa naona jua," akasema.

Sikuelewa.

"Kwa hiyo dirisha. Naona bado iko, inapiga ukuta wa jirani. Nashika tende naiangalia. Nasema, lakini karatasi inasema imetua. Nikajua ni macho yangu. Masikio imeenda, sasa ni macho. Nimeenda hata duka la dawa kununua ya kutia."

Chupa ya dawa ilikuwa juu ya meza, imefika nusu.

"Na huyu mama jirani," akaendelea, "alinifanyia mkono kwa hiyo ua katikati yetu, hivi, ati bado, bado. Siku mbili. Mi nikamwambia wewe unafuata ya mabati. Nikamwambia kwetu tuko na mtu anajua. Nikamcheka. Sasa hasalimii."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Kicheko hicho kilikuwa changu, nilikileta Bungoma mwenyewe pamoja na karatasi nzito, na mwanamke ambaye maisha yake yote sikuwahi kumsikia akimdharau mtu alikuwa amekitumia kwa niaba yangu. Niliona aibu hadi nikakosa pa kuweka mikono. Nilimwambia kwa kelele kwamba macho yake hayana kosa, kwamba jua alilokuwa akiliona ni jua kweli, aitupe dawa. Alitingisha kichwa kama mtu anayemkubalia mgonjwa. Nikaibandua ratiba. Nikafungua mfuko kuangalia kama nimebeba nyingine, nikakumbuka kwamba sijabeba.

Katriji niliitoa siku ile ile niliporudi Matisi. Nilibandua selotepu zote mbili, ikatoa kisauti kidogo, kama mtu aliyekuwa amefinywa pua. Ilikuwa na wino karibu nusu. Haikuwa imevuja hata tone. Mwalimu nilimpelekea ratiba zilizobaki zichanwe ziwe karatasi za kukokotolea hesabu, naye akanishukuru na kuniuliza hali ya shangazi. Sijawahi kumwomba radhi kwa yale niliyosema msikitini. Najua ningepaswa. Kila nikijaribu naona lile doa la zambarau, mdomo unakuwa mzito, na hivyo ndivyo nilivyo.

Baada ya Idi shangazi alilipa siku zake, sita mfululizo, ingawa nilimsihi awe anapumzika katikati kwa ajili ya sukari. Siku ya sita nilifunga naye. Jioni tulikaa nje ya mlango, sahani ya tende kati yetu, tukiangalia upande wa machweo. Hakukuwa na wingu. Jua lilishuka jekundu, likagusa paa za mabati, likaingia lote, na msikitini kule adhana ikaanza, ambayo mimi niliisikia na yeye hakuisikia. Niliinama kwenye sikio lake nikapaza sauti kwamba limetua, twende.

Alitazama pale lilipokuwa. Alinitazama mimi. Akarudisha tende kwenye sahani, akashika ukuta akainuka, akaenda polepole mpaka kwenye ua wa mama jirani na kusubiri hapo, ameinua mkono, mpaka mama jirani alipotoka jikoni akamwona.